Msomaji Asiyechelewesha Kitabu

Kuna nchi moja, na si hii yetu, maana hii yetu kila mtu anajua mambo yake yamenyooka. Hiyo iko mbali kidogo. Ukitoka hapa unakwenda mpaka uchoke, na ukishachoka umefika.

Viongozi wa huko wana huruma mno. Wakisikia wananchi wana njaa wanawaandalia semina, wakisikia wana kiu wanawaundia kamati. Basi mwaka mmoja Mlezi Mkuu wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo kwa ziara ya kikazi ya siku arobaini, akafikia hoteli yenye rafu ya vitabu ukutani. Hakuvisoma, maana alikuwa kazini, lakini alivitazama. Akarudi amebadilika. Pale pale uwanja wa ndege, mizigo haijateremshwa, akatangaza Azimio la Kusoma.

"Taifa lisilosoma," alisema, "ni taifa ambalo halisomi."

Watu walipiga makofi dakika saba. Wengine waliangua kilio kwa uzito wa maneno.

Kila sekondari ikaagizwa iwe na maktaba kabla ya masika. Sekondari ya Mfano ya Nguvumoja ilipata ya kwake kwa matofali ya wananchi, mia mbili kila kaya. Mzee Hamduni, kwa kuwa kufyatua matofali ndiyo kazi yake tangu ujana, alipangiwa mia sita. Mtendaji wa kata alimweleza kwamba aliyejaliwa kipaji hatakiwi kukifanyia choyo. Hamduni akafyatua. Mkewe Mwasiti akamchotea maji ya udongo, ndoo kichwani, huku akimtania kwamba ameolewa na serikali. Maktaba ikasimama, ikapakwa rangi ya maziwa, ikatundikiwa bango la huduma.

Bango lilikuwa zuri, haki ya Mungu. Kuazimisha vitabu. Kusomea humo humo. Mdahalo. Saa ya hadithi. Klabu ya Wapenda Vitabu. Huduma kwa wazazi, Jumamosi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: UKIMYA. Hii ya mwisho ndiyo iliyotolewa kila siku bila kukatika, maana mlango ulikuwa na kufuli. Wanafunzi waliruhusiwa kuvitazama vitabu dirishani kwa kupanga foleni, kidato cha nne mbele, na mwalimu wa nidhamu akihakikisha hakuna anayepumulia kioo.

*

Hamduni alisoma mpaka darasa la nne. La tano lilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa kwenye mpango. Bado liko kwenye mpango. Mpango wenyewe unatunzwa vizuri, umewekwa kwenye fremu.

Mwasiti alisoma kumzidi, akafika la saba. Alikuwa anafuga bata. Ilipobaki wiki moja maktaba izinduliwe, ikaonekana kwamba ile huduma kwa wazazi haina wazazi, na Naibu Mlezi wa nchi nzima ndiye mgeni rasmi. Wizara ikaleta mpiga picha. Mtu mzima yeyote aliyeweza kuandika jina lake, ana mtoto au hana, aliitwa shuleni siku ya Jumanne, akapigwa picha ndogo, ikabandikwa kwenye kadi. Mwasiti alivaa khanga yake ya sikukuu, akaazima hereni za jirani. Akaandika jina lake bila kukosea. Akarudi nyumbani na kitabu cha kufuga bata, anatembea kama mkaguzi.

"Sasa mimi ni msomaji," akamwambia mumewe. "Ukitaka kuniuliza jambo, kwanza uombe nafasi."

Jumamosi, siku yenyewe ya uzinduzi, homa ikampanda alfajiri. Kufika saa tatu akawa anaweweseka. Zahanati ya kata ilikuwa na mabango sita ya kunawa mikono na haikuwa na dripu hata moja. Mganga akasema huyu apelekwe hospitali ya wilaya sasa hivi. Gari la wagonjwa lipo? Lipo, zima, lina mafuta. Liko wapi? Limekwenda wilayani na dereva wake, Malibiche, kuchukua viti vya wageni. Likirudi limpeleke? Likirudi lazima livipange, halafu lingoje mpaka shughuli iishe livirudishe, maana vimesainiwa.

Mwasiti alilazwa kwenye baraza ya zahanati, chini ya bango la AFYA KWANZA. Saa nane mchana utepe ulikatwa. Makofi yalisikika mpaka zahanati. Yalipokoma, Hamduni akamgeukia mkewe amwambie kwamba shughuli imekwisha, gari litakuja, akakuta hana wa kumwambia.

Mambo hayo huko ni ya kawaida, na hakuna aliyekosea. Kamati iliundwa ikachunguza, ikakuta viti vyote vimerudi salama.

Arobaini ilipopita, Hamduni alikipeleka kile kitabu cha bata mwenyewe, maana alikuwa mtu asiyependa deni. Mkutubi, Madamu Fidea, akampa pole ya msiba kwa unyenyekevu, akagonga muhuri kwamba kitabu kimerudi.

Miaka mitatu ikapita. Hamduni hakulia sana. Watu walisema mzee kajikaza, lakini si kujikaza. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unautazama, unaubonyeza, hausemi kitu. Alikuwa akiamka, anafyatua, analala. Bata waliliwa mmoja mmoja na vicheche, akawa anawahesabu waliobaki bila kusikitika.

Kilichomtisha kilikuwa kingine. Uso wa mkewe ulianza kumtoka. Sauti alikuwa nayo, mwendo alikuwa nao, hata harufu ya mafuta yake ya nazi alikuwa nayo. Uso ulikuwa unachuja kama khanga, kidogo kidogo kila ukifua. Asubuhi moja, anakoroga udongo, akakumbuka kwamba Mwasiti alikuwa na kidoti shavuni, na hakukumbuka ni shavu gani. Akasimama na jembe. Akamwendea shemeji yake.

"La kushoto," shemeji akasema bila kusita.

Akamwendea jirani, yule mwenye hereni.

"La kulia, jirani. Mbona unaniuliza kitu cha wazi?"

Akamuuliza mzee wa msikiti, akaambiwa, "Kidoti kipi?"

Hapo ndipo alipoikumbuka ile kadi. Katika dunia nzima, picha ya Mwasiti ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya maktaba ya sekondari.

*

Madamu Fidea alikuwa mwanamke mpole, mnene wa starehe, miwani yake imefungwa uzi. Mbele yake palikuwa na sanduku la kadi, kibweta cha wino wa zambarau na muhuri. Alikuwa anagonga. Pa. Anatoa kadi nyingine. Pa. Rafu zilizokuwa nyuma yake zilijaa vitabu vilivyonyooka kama askari, na karatasi zake za nailoni hazijatolewa.

"Shikamoo, Mzee Hamduni. Karibu, ila usiegemee ukuta, tunangoja ugeni."

"Marahaba. Nimekuja..."

"Mama hajambo?"

"Mama yupi?"

"Si Mama Mwasiti."

Hamduni akamtazama. "Mwasiti alikufa, madamu. Wewe mwenyewe ulinipa pole."

"Hilo nalijua, baba, na Mungu amrehemu. Nauliza kwa upande wa maktaba." Pa. "Kwa upande wa maktaba hajambo kabisa. Wiki hii peke yake ameazima kumi na vinne."

Hamduni akakaa kwenye benchi. Hakuambiwa akae.

"Usilichukulie vibaya," Madamu Fidea akasema, akishusha sauti kwa sababu ya lile bango. "Wizara inataka viazimwe vitabu arobaini kila wiki. Wizara hiyo hiyo, siku ya ukaguzi, inataka kila kitabu kiwe kipya kama kilivyoletwa. Ukimpa mwanafunzi anakunja kurasa, analamba kidole, anakiwekea kitumbua. Mwenzangu wa shule ya jirani aliwapa. Unajua yuko wapi sasa? Anafundisha kilimo kisiwani, na hicho kisiwa ni mawe matupu."

"Kwa hiyo ukawapa marehemu."

"Nikawapa watu wenye mikono safi." Pa. "Mzee wangu, mkeo hajakunja hata ukurasa mmoja. Hajachelewesha hata siku moja. Mwaka wa tatu huu! Walio hai wangekuwa na nidhamu ile, nchi ingekuwa mbali."

"Nataka kadi yake."

"Ya nini?"

"Ina picha."

Madamu akasimamisha muhuri hewani. "Kwani wewe huna picha ya mkeo?"

"Tulikuwa tunaonana kila siku," Hamduni akasema. "Nani angejua kwamba itahitajika?"

Mkutubi akawa na huruma, ilionekana wazi. Lakini huruma haikuwa kwenye bango. "Kadi ni ya msomaji mwenyewe. Haitolewi kwa mwingine, wala mwingine haitazami. Msomaji akitaka kuacha kusoma, anakuja yeye, anaandika barua kwa mkono wake, anaeleza sababu."

"Sababu ipo."

"Ipo, baba. Ila hajaiandika yeye." Akatafuta kadi nyingine. Pa. "Jaribu kwa Mkuu wa Shule."

*

Mkuu wa Shule, Mwalimu Tindwa, alikuwa na barua mezani yenye nembo ya dhahabu na kitambaa kilicholowa jasho. Alipomwona Hamduni mlangoni aliruka kama aliyeona mvua.

"Wewe! Nimekutafuta kwa udi na uvumba! Kaa, kaa. Umesikia habari ya mkeo?"

"Nimesikia anasoma."

"Anasoma? Mzee, mkeo amewashinda wote! Wizara imehesabu nchi nzima. Walimu, majaji, maprofesa wenye ndevu zao, hakuna aliyemfikia. Mwasiti binti Sefu, Msomaji Bora wa Taifa!" Kisha uso ukamnywea. "Naibu Mlezi anakuja kumkabidhi cheti. Jumamosi. Mkononi."

"Mwambieni amekufa."

"Unataka mimi, Tindwa, nimwambie Naibu Mlezi kwamba amekosea?"

"Hajakosea. Mke wangu ndiye amekufa."

"Kiitifaki ni kitu kilekile," Mkuu akasema kwa uchungu. Akafunga mlango, akafunga na dirisha. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Tusaidiane. Wewe unataka ile kadi, Fidea amenipigia simu. Mimi nataka kustaafu nikiwa mwalimu. Jumamosi utapanda jukwaani badala yake. Utasema maneno machache tu: hajambo, yuko nyumbani, anasoma, anashukuru. Ukishuka, kadi unayo. Fidea ataandika rejistani kwamba msomaji amehamia maktaba nyingine."

"Niseme yu hai."

"Usiseme yu hai. Sema hajambo."

Hamduni akatazama ukuta. Aliyatambua matofali yake hata chini ya plasta, kwa jinsi mstari ulivyokaa. Akajaribu kukasirika, akasubiri kidogo, hasira haikufika. Akajaribu kufikiri, ikawa kuchota maji kwa pakacha. Kilichobaki kilikuwa shavu moja lisilojulikana.

"Sawa," akasema.

Mwalimu wa nidhamu alimfanyisha mazoezi siku tatu, chini ya mlingoti wa bendera.

"Hajambo. Yuko nyumbani. Anasoma. Anashukuru."

"Mzee, hiyo 'anasoma' itie furaha! Unasema kama unayesoma bili ya maji!"

"Anasoma."

"Afadhali. Lakini bado una uso wa mfiwa."

"Ndio nilio nao," Hamduni akasema.

*

Jumamosi ikafika na mahema yake. Chini ya mahema palikuwa na viti vya plastiki vyeupe mia na ishirini, vimevalishwa vitambaa kama maharusi. Shughuli zote za maktaba zilizokuwa kwenye bango zilitolewa siku hiyo kwa mkupuo, ili mgeni asipate taabu ya kuja mara ya pili.

Ulianza mdahalo. Mada: kitabu ni bora kuliko chakula. Kwa kuwa kupinga si tabia njema, upande mmoja uliunga mkono na upande wa pili uliunga mkono sana. Ukashinda wa pili. Ikafuata Saa ya Hadithi, ambapo Afisa Elimu alisoma risala ya kurasa kumi na tisa. Klabu ya Wapenda Vitabu ikaimba juu ya utamu wa vitabu, na wanachama waliimba kwa hisia sana, kama mtu anavyomwimbia mchumba ambaye hajawahi kumshika mkono. Vitabu vyenyewe viliwekwa kwenye meza ya kitambaa cheupe, vikazungushiwa kamba, na polisi akasimama. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono akauliza ndani yake mna nini. Akaambiwa swali zuri, litajibiwa kwa maandishi.

Makofi nayo yalipangwa. Mwalimu wa nidhamu alisimama pembeni na kitambaa cheupe. Mzungumzaji akinyamaza, kitambaa juu, makofi. Kitambaa chini, kimya. Wanafunzi walikuwa wamefanya mazoezi kuliko ya mtihani, na hawakukosea hata mara moja.

Naibu Mlezi aliongea kwa saa moja na nusu. Alisema kusoma ni mwanga, na mwanga ni nuru, na nuru ndiyo hiyo hiyo. Alisema serikali yake haitamvumilia mtu asiyejua kusoma, wala anayejua kupita kiasi. Halafu akamwita Msomaji Bora wa Taifa. Mshereheshaji akanong'ona, jina likabadilika njiani, akapanda mumewe.

Koti alilovaa Hamduni lilikuwa la shule, wamemwazima. Akakamata maiki. Kutoka jukwaani mtu anaona ambayo waliokaa hawayaoni. Aliona nyuma ya mahema. Kule nyuma, kivulini, liliegeshwa gari jeupe lenye taa ya bluu juu na maandishi ubavuni, WAGONJWA TU. Mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani, badala ya machela, vilibaki vitambaa viwili vya kuvalisha viti. Dereva alikuwa amelala, miguu imetoka dirishani. Ni Malibiche, dereva yule yule wa siku ile.

"Hajambo," Hamduni akasema.

Kitambaa juu. Makofi.

"Yuko nyumbani."

Makofi.

Neno la tatu alilijua. Lilikuwa kinywani kabisa. Akalitazama lile gari tena, na neno likawa zito, likashuka chini, likapanda lingine.

"Amekufa."

Kitambaa juu. Makofi, mazuri, ya pamoja.

"Alikufa siku mliyofungua maktaba hii." Makofi. "Aliugua alfajiri." Makofi. "Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kuchukua viti." Makofi. "Ni viti hivyo hivyo mlivyokalia." Makofi, na sasa mwalimu wa nidhamu mwenyewe alikuwa ametoa macho, lakini mkono ulishazoea, unapanda peke yake. "Alizimwa na homa chini ya bango. Alikuwa ameazima kitabu kimoja tu maisha yake yote, na hakukimaliza."

Sauti yake haikupanda wala kutetemeka. Ilikuwa ile ya kuhesabu matofali. Mkuu wa Shule alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama anayezuia kisiondoke.

Naibu Mlezi alimwita msaidizi wake kwa kidole. Msaidizi akainama akamnong'oneza. Naibu Mlezi akasimama. Akachukua maiki kutoka mkononi mwa Hamduni, taratibu, akamwekea mkono begani.

"Ndugu wananchi, mmesikia?" Akafuta jicho lililokuwa kavu. "Mama huyu amekufa. Na bado anasoma!"

Kitambaa hakikuhitajika.

"Wako wapi wanaosema hawana muda? Wako wapi wanaosema hawana taa, wana shamba, wana mtoto mgonjwa? Mwenzenu hana hata uhai! Kifo kimemjia, kimemkuta na kitabu, kimeshindwa! Kuanzia leo naagiza, marehemu wote wa nchi hii waandikishwe kwenye maktaba za sekondari kabla ya robo ya mwaka kwisha. Na kata itakayobaki nyuma, tutataka kujua marehemu wake wanafanya nini!"

Makofi yalikwenda dakika tisa, yakavunja rekodi ya uwanja wa ndege. Kuhusu viti hakuna aliyesema neno. Walikuwa wamevikalia.

"Na mzee huyu," Naibu Mlezi akaendelea, "aombe lolote. Lolote, mzee!"

"Kadi yake."

"Kadi tu?" Akawageukia watu. "Huo ndio uzalendo! Mpeni kadi yake!"

Hata cheti alisahau kukitoa. Kilirudi wizarani kwenye bahasha yake.

*

Madamu Fidea alimwingiza ndani ya maktaba, akamkalisha ng'ambo ya meza, mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyewahi kukaa. Akafungua sanduku kwa ufunguo. Hamduni akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma. Moyo ulimdunda, na hilo lilimshangaza, maana alidhani uliacha.

Kadi ikawekwa mbele yake. Jina lilikuwapo, mwandiko wa Mwasiti, herufi zimekaa wima kama watu kwenye foleni. Pembeni ya jina palikuwa na picha, ndogo, nusu ya kibiriti.

Picha ilikuwa zambarau.

Duara juu ya duara, muhuri juu ya muhuri, wino umekauka juu ya wino mpaka umekuwa na ngozi. Chini pembeni kilibaki kipande cha khanga, na hereni moja. Hereni yenyewe haikuwa hata yake.

"Hii ni nini?"

"Ni muhuri," Madamu Fidea akasema. "Waraka namba tisa. Ili kuzuia udanganyifu, kila kitabu kikiazimwa muhuri ugongwe juu ya picha, kuthibitisha kwamba aliyeazima ndiye mwenyewe. Picha ikijaa, msomaji anapigwa nyingine." Akasita. "Sasa yeye hakuja kupigwa nyingine."

Hamduni akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Ukatoka wino. Akasugua tena. Ikaanza kutoka karatasi. Akaacha.

Nje viti vilikuwa vinavuliwa vitambaa.

"Madamu."

"Naam, baba."

"Wewe umemgonga miaka mitatu."

"Isipokuwa sikukuu."

"Kidoti chake kilikuwa shavu gani?"

Madamu Fidea akavua miwani. Alifikiri kwa kweli, midomo ikimchezacheza, maana alitamani kusaidia. Akavaa miwani tena.

"Nisikudanganye, mzee wangu. Sikuwahi kumtazama. Nilikuwa natafuta palipobaki peupe."

Hamduni akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. Akasema ahsante. Akatoka.

Nyuma ya mahema Malibiche alikuwa ameamka, anapakia viti kwenye gari, jasho linamtiririka, anatupa bila kupanga. Wengine wote walikuwa wamekwenda kula.

"Mzee, hebu nishikie hivyo viwili, tafadhali. Peke yangu sitamaliza."

Hakumtambua. Hamduni alikuwa na maneno aliyomwekea mtu huyu miaka mitatu, mengine yalikuwa yameiva vizuri sana.

"Una haraka gani?" akauliza.

"Kuna mama huko Kibaoni, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mtoto amekaa vibaya. Wamepiga simu mara tano. Nimewaambia nakuja, lakini viti kwanza."

"Viache hapa."

"Nimesainia, mzee. Mia na ishirini, viingie stoo ya wilaya kabla gari halijafanya kazi nyingine. Nikiacha hata kimoja natoka kazini, anapewa mwingine. Na huyo mwingine naye ataambiwa viti kwanza." Akakirusha kimoja ndani. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Hamduni akaitia kadi mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akavua koti la shule, akalitundika kwenye mlingoti wa hema. Akapandanisha viti kumi, akavikumbatia, akavipeleka garini anakimbia.

"Taratibu, mzee! Utaanguka!"

"Kibaoni ni mbali," Hamduni akasema.

Mtu aliyezoea matofali, kiti cha plastiki si mzigo. Akarudi mbio kuchukua kumi vingine, na vingine, na vingine, umri wake wote unampigia kelele magotini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshakunja kitambaa chake.